Nyimbo 14 za Waliohama: Nilivyojifunza Kuwasikiliza The Pogues

Wapenzi wa muziki waliobobea huzitazama kwa dharau albamu za mkusanyo wa nyimbo bora. Hoja yao ni kwamba wimbo huzaliwa ndani ya albamu yake, ukiwa na ndugu zake, na kwamba anayeuchomoa humo na kuupanga pamoja na nyingine zilizowahi kupendwa anafanya kazi ya mfanyabiashara, si ya msanii. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi siwezi kuikubali yote baada ya kuishi na albamu iitwayo The Best of The Pogues, iliyotolewa mwaka 1991 na kukusanya nyimbo za bendi ya London iitwayo The Pogues. Albamu hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuwaelewa wazee ninaowahudumia, na baadaye ikanipa njia ya kulijibu swali lililokuwa likinisumbua kuhusu wanangu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee kaskazini mwa London. Wengi wa wazee wetu walitoka Ireland katika miaka ya 1950, muongo ambao zaidi ya watu 400,000 waliihama nchi hiyo ndogo kwa kukosa kazi. Walipanda meli Dún Laoghaire, wakashuka Holyhead, wakachukua treni hadi kituo cha Euston, na baada ya siku chache walikuwa wamesimama alfajiri kando ya barabara za Camden Town au Cricklewood wakingoja gari la mkandarasi liwachukue kwenda kuchimba mitaro na mahandaki. Mmoja wao, niliyekuwa nikimhudumia zamu za jioni, alikuwa mtu mkimya sana. Binti yake, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa London, alimletea CD hiyo, akaiweka kwenye redio ya chumbani, na baba yake akamtaka aizime kabla wimbo wa pili haujaisha, akisema kwamba zile zilikuwa kelele za vijana wa Kiingereza waliolewa. Binti hakuizima, alipunguza sauti tu. Mabishano yaliyofuata kati yao, ambayo niliyasikia kwa miezi mingi huku nikitandika kitanda au kupanga dawa, ndiyo yaliyokuwa darasa langu.

Mzee hakuwa amesema uongo kuhusu asili ya bendi ile. The Pogues ilianzishwa mwaka 1982 katika mtaa wa King's Cross, ambao mtu anaweza kuufikia kwa miguu kutoka kituo kile kile cha Euston. Jina lake la kwanza lilikuwa Pogue Mahone, yaani tusi la Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, nalo lilifupishwa mwaka 1984 baada ya watu waliolielewa kulalamika BBC. Jem Finer wa banjo, Spider Stacy wa filimbi ya bati, James Fearnley wa akodiani na Andrew Ranken wa ngoma wote walikuwa Waingereza. Fearnley alikuwa mpiga gitaa ambaye alijifunza akodiani kwa ajili ya bendi hiyo, na Stacy alijulikana pia kwa kujipiga kichwani na sinia la bia jukwaani ili kuongeza mapigo. Hata mwimbaji mkuu, Shane MacGowan, alizaliwa Pembury, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, siku ya Krismasi ya mwaka 1957, ingawa wazazi wake walikuwa Waairishi na sehemu ya utoto wake aliipitisha Tipperary, nchini Ireland, katika nyumba ya jamaa za mama yake, ambamo majirani walikusanyika kupiga muziki na kuimba. Kabla ya The Pogues alikuwa mwimbaji wa bendi ya panki, muziki ule wa haraka na hasira uliozuka London katikati ya miaka ya 1970 na ambao haukumdai mtu ufundi mkubwa ili apande jukwaani. Kazi yao ilikuwa kuzichukua nyimbo za baa na harusi za Kiairishi, pamoja na ala zake, na kuzipiga kwa mwendo na ukali wa panki.

Binti alimjibu baba yake kwa jambo ambalo mimi sikulijua. Alisema kwamba yeye alikua katika miaka ya mabomu ya IRA, kundi la siri lililotaka Ireland Kaskazini iondoke chini ya Uingereza, wakati ambapo sheria ya kuzuia ugaidi ya mwaka 1974 iliwaruhusu polisi kumweka mtu kizuizini kwa siku kadhaa bila mashtaka, na Mwairishi yeyote jijini London alitazamwa kwa mashaka. Baba yake huyo huyo ndiye aliyewafundisha watoto kunyamaza ndani ya basi ili lafudhi ya mama yao isisikike ikijibu. Nyumbani nyimbo za Ireland ziliimbwa kwa sauti ya chini, madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha, akiwa msichana, alizisikia nyimbo hizo zikipigwa kwa nguvu katikati ya London na mtu mwenye lafudhi kama yake, asiyemwomba radhi mtu yeyote. Nilipoyasikia maneno hayo nilianza kuisikiliza albamu kwa masikio mengine, kwa maana mimi pia ninaifahamu hali ya kupima sauti yangu ndani ya basi.

Jambo la kwanza nililolitambua ni mpangilio. Nyimbo 14 hazikupangwa kwa kufuata miaka. Ule wa kwanza, Fairytale of New York, ni wa mwaka 1987, ukifuatwa na Sally MacLennane na Dirty Old Town za mwaka 1985, na baadaye msikilizaji hurudishwa hadi Streams of Whiskey ya mwaka 1984. Aliyezipanga aliziweka polepole na za haraka bega kwa bega, na ukaribu huo ndio unaofichua siri ya bendi hii. Sally MacLennane, kwa mfano, unakwenda mbio kiasi kwamba kwa mara ya kwanza niliuchukulia kuwa wimbo wa sherehe. Maneno yake yanamhusu mtu anayesindikizwa kituo cha treni wakati wa mvua na marafiki wanaoimba, akaenda ughaibuni kutafuta maisha, na aliporudi akakuta baadhi yao wameshakufa. Mimi nimekulia katika taarabu, ambamo huzuni hupewa nafasi ya kujinyoosha na mwimbaji hana haraka ya kuimaliza, na kwa hiyo ilinibidi nijifunze kwamba kuna watu ambao huzuni yao huwatoka kwa kasi. Mzee hakupenda kulikiri hilo, lakini mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu.

Wimbo uliomlegeza mzee ni wa nne, The Irish Rover. Humo The Pogues wanaimba pamoja na The Dubliners, kundi lililoanzishwa mwaka 1962, ambalo sauti zake zilikuwa zikisikika katika kila nyumba ya Waairishi aliyoijua. Mwaka 1987 The Dubliners walitimiza miaka 25, wakaurekodi wimbo huo wa jadi na vijana wa King's Cross, nao ukashika nafasi ya nane katika chati ya Uingereza na ya kwanza nchini Ireland. Mzee aliitambua sauti ya Ronnie Drew, mwimbaji wa The Dubliners, mara moja. Aliuliza kama kweli Drew alikubali kuimba na watu wale, na binti alipomthibitishia, alikaa kimya kwa muda, kisha akataka urudiwe. Nimeuwaza sana wakati ule. Mzee hakubadilishwa na hoja wala na takwimu za mauzo. Alibadilishwa na kuona kwamba mtu wa rika lake aliyemheshimu alikuwa amewapa vijana nafasi kando yake.

Kuhusu Dirty Old Town nitasema machache tu, ingawa unapendwa sana. Wengi huuchukulia kuwa wimbo wa mji wa Ireland, lakini Ewan MacColl aliutunga mwaka 1949 kuhusu Salford, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Binti wa mtunzi huyo ni Kirsty MacColl, ambaye ndiye sauti ya kike ya Fairytale of New York. Baba na binti wamo katika albamu moja, na ni mkusanyo peke yake unaowakutanisha, kwa kuwa nyimbo hizo mbili zilitoka katika albamu tofauti, moja ikiwa imetayarishwa na Elvis Costello na nyingine na Steve Lillywhite.

Kama ningeulizwa ni wimbo gani ulionifaa zaidi kazini, ningeutaja A Pair of Brown Eyes bila kusita. Kijana aliyelewa ameketi baa usiku wa kiangazi akiwaza mapenzi yake, huku nyimbo za watu wengine zikilia. Mzee aliye jirani naye anaanza kumsimulia vita: miili iliyokatwakatwa, watu wakilia na kuomba, na yeye mwenyewe akiyashikilia mawazoni macho ya kahawia ya mwanamke aliyemwacha nyumbani, ambaye hakumkuta aliporudi. Kijana hataki kuyasikia. Anamchukia mzee yule, na wimbo haumfichi wala haumhukumu kwa chuki yake. Hata hivyo, anapotoka nje akiyumbayumba, anaimba kiitikio kile kile. Mapigo yake ni ya mwendo wa tatu tatu, ya kubembea, na mtu asiyesikiliza maneno anaweza kudhani kwamba ni wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Katika kazi yangu, hadithi za wazee huja wakati mhudumu ana haraka, ana vyumba vingine vinavyomngoja, na huenda ana jambo lake linalomuumiza moyoni. MacGowan aliandika wimbo huo akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini, na bado alijua kwamba msikilizaji wa mzee si malaika, kwamba anasikiliza kwa kuchoka na kwa kuudhika, na kwamba hadithi humwingia hivyo hivyo. Tangu hapo niliacha kungoja niwe na utulivu ndipo nimsikilize mzee. Nilimsikiliza nikiwa nimechoka, nikikunja shuka, nikijibu kwa neno moja moja, na ndipo nilipoanza kusikia habari za mahandaki, za rafiki yake aliyefukiwa na udongo mtaroni, na za barua alizokuwa akimwandikia mama yake ambazo kila mara zilisema kwamba mambo ni mazuri.

Fairytale of New York ndio mlango ambao watu wengi huingilia, na sioni sababu ya kuuonea haya. Mlevi aliye mahabusu usiku wa mkesha wa Krismasi anakumbuka jinsi yeye na mpenzi wake walivyofika New York wakiwa na matumaini makubwa; kisha wanatukanana, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa maisha yaliyoharibika; na mwishoni kuna mistari michache ya upole kuhusu ndoto ambazo mmoja amemtunzia mwenzake. Wimbo huo ulifika nafasi ya kwanza Ireland na ya pili Uingereza mwaka 1987. Matusi yake yamezusha ubishi mara nyingi, na mwaka 2007 BBC Radio 1 ilifuta baadhi ya maneno na kuyarudisha siku hiyo hiyo baada ya wasikilizaji kulalamika. Kwangu mimi nguvu yake iko katika kukataa kuipamba safari ya mhamiaji. Katika simu tunazopiga nyumbani sisi tulio ughaibuni, mara chache tunasema kwamba ndoto ilimshinda mtu. Huu ni wimbo maarufu wa sikukuu unaolisema hilo waziwazi, na mamilioni huuimba kwa pamoja.

Nyimbo za katikati nazipita haraka. Fiesta ni fujo njema yenye harufu ya Hispania, na Rain Street, kutoka albamu ya mwaka 1990 iliyotayarishwa na Joe Strummer, sijawahi kuipenda sana. Lakini kuanzia wimbo wa kumi, albamu inakuwa kitu kimoja. Inaanzia daraja la Albert jijini London, inapita White City ambako uwanja wa mbio za mbwa ulibomolewa, inavuka bahari kwa Thousands Are Sailing, inarudi kwenye mto Shannon wa Ireland, na inamalizikia matangani kwa bondia Mmarekani mwenye asili ya Kiairishi katika The Body of an American. Thousands Are Sailing ulitungwa na mpiga gitaa Philip Chevron. Humo mhamiaji wa miaka ya 1980 anazungumza na mizimu ya waliovuka kabla yake, wale waliokimbia njaa iliyoanza mwaka 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wasiopungua idadi hiyo. Chevron hakuwaweka wahenga hao juu ya mnara. Aliwauliza maswali ambayo mtu huuliza akiwa mgeni mjini: mlifanya kazi kwenye reli, dola zenu zilitoka wapi, nyimbo za zamani ziliwafariji au ziliwasuta? Mzee alipousikia wimbo huo kwa utulivu kwa mara ya kwanza, alimwambia binti yake kwamba huyu aliyeandika anajua. Hakuongeza neno, na binti hakumsukuma.

Lipo jambo moja katika mvuto wa bendi hii ambalo siliungi mkono, nalo ni kuusifu ulevi. Pombe imo karibu katika kila wimbo, na wapo mashabiki wanaouchukulia mwili ulioharibika wa MacGowan kuwa sehemu ya usanii wake. Mwaka ule ule wa 1991 ambao albamu ilitolewa, wenzake walimwondoa katika bendi wakiwa ziarani Japani, kwa kuwa hakuweza tena kufanya kazi. Nimewaogesha wanaume walioimaliza miaka yao namna hiyo, na siwezi kuiita hali hiyo ushairi. Ninachokiona ni kwamba nyimbo zake bora ziliandikwa na mtu makini sana, msomaji mkubwa, aliyejua kupima kila silabi, na kwamba pombe ilitunyang'anya nyingine nyingi ambazo angeziandika. Alifariki tarehe 30 Novemba 2023 akiwa na umri wa miaka 65. Mazishi yake yalifanyika Nenagh, Tipperary, tarehe 8 Desemba, na watu waliinuka wakacheza kanisani wakati wimbo wa New York ulipoimbwa. Mzee aliyatazama pamoja na binti yake hadi mwisho, naye akasema kwamba hivyo ndivyo inavyopasa kumsindikiza mtu.

Sasa nije kwa wanangu. Wamezaliwa London, Kiswahili wanakifahamu kwa kiasi, na mkubwa wao hurekodi nyimbo ninazoimba jikoni, akaziwekea mapigo ya kompyuta na kuziimba upya kwa lafudhi ya hapa, akizifupisha na kuzikimbiza. Nilikuwa nikijiuliza kama huko ni kuzirithi au ni kuzipoteza, na jamaa walioko Tanga walikuwa wakisema wazi kwamba ni kuzipoteza. The Pogues walinionyesha kwamba ukali wa mtoto aliyezaliwa nje unaweza kutokana na kuzipenda nyimbo kiasi cha kutotaka zikae kabatini. Lakini walinionyesha pia sharti lake. MacGowan alizisikia nyimbo zile Tipperary akiwa mtoto, zikiwa nzima, kutoka kwa watu walioziishi, kabla hajaanza kuzikimbiza. Kwa hiyo nami nimeweka sharti moja nyumbani: kabla ya kuuvunja wimbo, kijana ataujua wote, beti zote, na atajua ulikuwa ukiimbwa wapi na kwa ajili gani. Analalamika, lakini amekwisha kuzikariri kadhaa, na anapompigia simu bibi yake sasa ana maswali ya kumuuliza.

Kuhusu albamu yenyewe, binti wa mzee na mimi bado tunatofautiana katika jambo moja. Yeye hasamehi kwamba wimbo kuhusu wafungwa sita wa Birmingham, ulioko katika albamu ya mwaka 1988, haukujumuishwa. Wimbo huo ulizuiwa kutangazwa redioni na kwenye televisheni nchini Uingereza, na watu hao sita waliachiwa huru tarehe 14 Machi 1991 baada ya miaka 16 gerezani kwa kosa la kulipua baa ambalo hawakulitenda, yaani katika mwaka ule ule wa mkusanyo. Kwake, kuuacha nje ni kuificha hasira ya bendi ili albamu iuzike wakati wa Krismasi. Ninakubali kwamba kuna hasira iliyopunguzwa. Hata hivyo, kama wimbo huo ungekuwapo, nadhani mzee, ambaye maisha yake yote ya London aliyapitisha akikwepa kutajwa pamoja na mambo hayo, angeizima redio siku ya kwanza na asingeufikia kamwe wimbo wa Chevron. Binti anasema kwamba hiyo si sababu ya kutosha. Amemletea baba yake albamu kamili ya mwaka 1988, na wiki hii wamefika katikati yake.